Vigelegele Vitano Langoni kwa Wambui

Mwanangu, harusi yangu mwenyewe siikumbuki vizuri, viatu vilinibana na nilikuwa na njaa, lakini asubuhi ile ya vitunguu pale Chaka naikumbuka kama nimetoka huko sasa hivi. Nitakusimulia polepole. Wewe kaa, weka simu chini kidogo, haitakimbia.

Unajua kazi ya vitunguu ilivyo. Lori la mnunuzi limesimama kando ya barabara ya Nanyuki, magunia yanangoja, na sisi wanawake tumekaa chini juu ya maturubai tukikata mikia na kuchagua, vikubwa huku, vidogo kule, vilivyooza nyuma. Ukikata tangu asubuhi, macho yanakuwa mekundu, pua inatiririka, na hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini analia. Mtu mwenye kilio chake cha kweli anaweza kukilia pale mpaka jioni na asiulizwe. Wambui, jirani yangu, alikuwa amegundua hivyo kitambo. Wiki nzima alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, nasi tukamsifu kwa bidii.

Aliyemtambua ni Mama Gakii. Huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake, mama wa Kimeru aliyeolewa huku kwetu Kieni akiwa msichana. Mrefu, mkavu, maneno machache, na akikutazama unaanza kukumbuka makosa yako yote tangu darasa la kwanza. Nilimwogopa miaka mingi kabla sijaanza kumpenda.

Chai ilipoletwa siku hiyo tulinawa mikono, tukaenda kukaa juani, mbali na vitunguu. Baada ya muda macho ya kila mtu yakakauka. Ya Wambui hayakukauka. Mama Gakii akamtazama, akamtazama, kisha akainuka na kikombe chake, akaenda kukaa kando yake, bega kwa bega.

"Mama Muriithi," akamwambia kwa sauti ya chini, "nani mgonjwa kwako?"

Wambui alisema hakuna. Mama Gakii hakubishana naye, alinywa chai yake tu na hakuondoka. Nadhani kule kutoondoka ndiko kulikomshinda Wambui, kwa sababu aliyamwaga yote palepale, na sisi tuliokuwa karibu tukasikia.

Muriithi ni kijana wake. Wambui ni mjane, na yule ndiye mwana wake pekee. Nilimjua tangu akiwa mtoto wa kwaya ya kanisa. Alikuwa na kicheko kile kinachoanza tumboni, akicheka kwao mimi nasikia nikiwa kwangu natoa maziwa, na ninajikuta nacheka na sijui nacheka nini. Alisomea upishi, akapata kazi kwenye hoteli moja ya watalii Nanyuki, na mama yake alitembea hapa kijijini amenyoosha shingo. Haki yake.

Kumbe huko Nanyuki alimzika rafiki yake, waliyekuwa wakiishi naye chumba kimoja, aliyegongwa na gari. Alizika, akarudi kazini, akaendelea kukaanga mayai ya wageni kama hakuna kilichotokea. Hakuna aliyemwambia apumzike na yeye hakuomba. Polepole usingizi ukamwacha. Halafu chakula. Halafu kazi. Alirudi nyumbani na begi lake mvua za Aprili zikiwa zimeanza, akaingia chumbani, akafunga pazia. Sisi tulipouliza habari zake, Wambui alituambia yuko Nanyuki, anawasalimu sana. Miezi ile yote kijana alikuwa hapa hapa, nyuma ya ukuta, tukipita na ng'ombe wetu.

"Niliogopa mtasema ni bangi," Wambui akatuambia. "Niliogopa mtasema ni laana ya ukoo. Nikasema atapona, sitasema, atapona. Na sasa ameniambia, mama, vumilia kidogo tu, sitakusumbua muda mrefu."

Kila mama pale aliyaelewa maneno hayo. Wambui alisema tangu siku ile alikuwa akilala kwenye kiti mlangoni kwa kijana, na mchana alimwachia dada yake aliyetoka Mweiga kuja kumsaidia kulinda.

Sasa, mwanangu, usidhani tulikuwa wabaya. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alitaka kesha la maombi. Mwingine akasema hawa vijana wa hoteli wamezoea kazi nyepesi, apewe jembe atoke jasho. Na mama mmoja mwenye moyo mzuri kabisa akasema twende tukamwone, lakini mmoja mmoja, jioni, tupitie nyuma ya boma ili tusimwaibishe Wambui. Hilo tulilikubali sana. Tukaanza kuitikia kwa vichwa.

Mama Gakii aliweka kikombe chini.

"Mama Muriithi angepata mjukuu," akasema, "tungekuwa tumefika na uji. Muriithi angevunjika mguu, tungekuwa tumemchinjia kuku. Sasa ameumia pahali macho yetu hayafiki, ati twende jioni, tupite nyuma kama wezi? Nyinyi mnasema mnaficha aibu ya huyu mama. Aibu ni yenu. Tunaenda kesho, mchana, kwa mlango wa mbele, tukiwa tumebeba. Tunaenda itega."

Pengine wewe umekua mjini na hujaona itega. Mama akizaa huku kwetu, wanawake hujipanga wakaenda kumwona. Wanabeba kuni mgongoni, unga, ndizi, maziwa, uji kwenye kibuyu, siku hizi kwenye chupa ya chai. Wakifika langoni hupiga vigelegele, vitano kama aliyezaliwa ni mvulana, vitatu kama ni msichana, ili kijiji chote kijue bila kuuliza. Ndiyo itega. Inaenda kwa mzazi. Haijawahi kwenda kwa mwanamume mwenye ndevu, na mama mmoja alicheka mpaka akashika mbavu.

Mimi sikucheka. Nilikumbuka nilipoletwa huku nikiwa bibi arusi kutoka Othaya, msichana tu, nikazaa mtoto wangu wa kwanza, na badala ya kufurahi nikawa nalia. Nalia asubuhi, nalia mchana, mtoto ananitazama nami sitaki kumshika. Siku hizi madaktari wana jina la ugonjwa huo na wana matibabu yake. Sisi hatukuwa na jina. Lakini wanawake wa itega walikuja, na walipoona hali yangu hawakukoma kuja. Mmoja aliosha mtoto, mmoja alifagia, mmoja alinishikia kikombe cha uji mdomoni. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nijikaze. Kwa hivyo Mama Gakii alipotaja itega, nilisema mimi nitabeba kuni.

"Na tukifika tutasema nini?" yule mama aliyecheka akauliza.

"Tutasema tumekuja," Mama Gakii akamjibu. "Halafu tunyamaze tunywe chai."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Tulikutana kwa njia panda, na wacha nikuambie, tulikuwa kitu cha kutazamwa. Mimi na kuni zangu. Mama Gakii na kiondo chake kikubwa cha katani, kimejaa unga na ndizi. Mama mmoja kijana, mke wa mwalimu, alibeba mtungi wa gesi mgongoni kwa kamba, akasema hizo ndizo kuni zake. Jua lilikuwa kali, mlima umejifunua mpaka barafu juu, na kila tuliyepishana naye alisimama kutuangalia.

Tulipofika langoni kwa Wambui tukakwama. Waliokuja kwa itega lazima wapige vigelegele. Sasa tupige vingapi, na hakuna mtoto? Tukaanza kunong'onezana pale kama wasichana wa shule. Mama Gakii akanigeukia mimi, kwa sababu sauti yangu enzi hizo ilikuwa na nguvu.

"Huku kwenu kwa mvulana ni ngapi?"

"Tano," nikamjibu. "Lakini Mama Gakii, hakuna aliyezaliwa hapa."

"Huyo kijana yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi piga tano."

Nikapiga, mwanangu. Sijui nilipata wapi pumzi. Wenzangu wakaitikia, na upepo wa pale Kieni unavyovuma, vigelegele vile vilivuka shamba la kabichi, vikavuka mto, vikafika mpaka kwenye stendi ya bodaboda. Wambui alitoka mikono kichwani, akatuita majina yote mabaya anayoyajua mama wa kanisa, halafu akafungua lango na kumwangukia Mama Gakii kifuani.

Tuliingia, tukatua mizigo. Mlango wa chumba cha Muriithi ulikuwa umefungwa. Mama Gakii alikipeleka kiondo mpaka pale, akakiweka chini.

"Muriithi, ni sisi mama zako," akasema. "Tumekuja kukuona. Si lazima utoke."

Kisha akarudi kwenye kochi, akaomba chai. Nasi tukafanya alivyotuagiza. Tukaongea habari za mvua, kuku, ng'ombe wa nani amezaa, mahubiri ya Jumapili yalivyokuwa marefu. Mlango haukufunguka. Nilianza kufikiri tumekunywa chai bure.

Halafu tukasikia mtu anakimbia uani. Alikuwa jirani wa ng'ambo ya mto, anahema, chupa ya uji mkononi. Hata salamu hakutoa. "Mtoto ni wa nani?" akauliza. Kabla hatujamjibu wakaingia dada wawili wa kwaya na pakiti kubwa ya nepi za dukani, kitita kizima, wakitafuta mahali mzazi alipolala. Langoni mwendesha bodaboda akasimamisha pikipiki, akapaza sauti kumpongeza Mama Muriithi, ati stendi nzima imesikia ni mvulana.

Tulisahau, unaona. Vigelegele vitano havina maana nyingine huku kwetu. Kijiji kilisikia, kikahesabu, kikainuka. Wengine walikuwa wanasema Muriithi ameleta bibi kutoka Nanyuki naye amejifungua. Wengine, Mungu awasamehe, walikuwa wanasema ni Wambui mwenyewe, na umri ule, mjane wa watu. Wambui alisimama katikati ya sebule akisema hakuna mtoto, jamani hakuna mtoto, na kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kuingia na ndizi zao. Mzee mmoja akamwambia asione haya, mtoto ni baraka.

Hapo ndipo tukakisikia. Kilianza chini sana, nikadhani ni mtu anakohoa. Kisha kikapanda. Kile kicheko cha tumboni, kwa nyuma ya mlango. Wambui aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kicheko kikaendelea peke yake.

Mlango ukafunguka. Muriithi alisimama pale, mwembamba, ndevu kama za mtu aliyetoka porini, macho yanakataa mwanga. Akatutazama sote, akatazama ndizi, mtungi wa gesi, na ile pakiti ya nepi juu ya meza.

"Sasa hizi," akasema, "kweli zitanitosha?"

Tulicheka, ooh, tulicheka. Na katikati ya kile kicheko uso wake ukageuka, akaanza kulia palepale aliposimama, na mama yake akamshika. Mimi nami nililia na sikuwa na kitunguu hata kimoja cha kusingizia. Nilimpenda yule kijana siku ile kama ni mimi niliyemzaa, na nilimstahi pia, kwa sababu kuufungua mlango ule kulikuwa kazi kubwa kuliko kazi zote nilizowahi kufanya shambani.

Ndipo akaingia Mzee Kabuga. Yeye alikuwa dereva wa malori zamani, mtu mkali, anaishi peke yake na ng'ombe wake, na watoto wakimwona na fimbo yake wanavuka barabara. Alikuja na chupa ya maziwa kwa ajili ya mtoto. Akaelezwa yote, kwamba hakuna mtoto, kwamba ni Muriithi na ni ugonjwa wa mawazo. Nilidhani atatukana na kwenda zake na maziwa yake. Badala yake alivua kofia, akavuta kiti mpaka alipokaa kijana.

"Nyinyi wote hapa mnasema niko na mwanamke Nyeri," akasema.

Tukatazama chini. Ni kweli tulisema. Kila mwezi alivaa koti, akaenda Nyeri, akarudi jioni hana hata mfuko wa sukari. Kingine kingekuwa nini?

"Huyo mwanamke ni daktari. Nilipofiwa na mke wangu nilikuwa kama huyu kijana, pengine vibaya zaidi. Naenda kliniki ya akili pale hospitali. Tunaongea, napewa dawa, narudi. Miaka yote hii nimeona heri mniite mzinzi kuliko mjue naenda huko." Akatikisa kichwa, na nadhani alijishangaa mwenyewe. "Na leo nimesema, kwa sababu ya mtoto ambaye hayuko."

Muriithi alikuwa amefuta uso. Alimwuliza, "Guka," maana ndivyo tunavyomwita babu kwetu, "hii kitu inaisha?"

Hapa nisikilize vizuri, mwanangu, kwa sababu mimi nimesikia mahubiri mengi maishani lakini sijasikia jibu kama lile. Mzee hakumdanganya.

"Kuna siku inarudi," akamwambia. "Lakini sasa naijua ikija, na najua pahali pa kuipeleka."

Halafu akamwuliza waziwazi, mbele yetu, kama anayeuliza habari ya jino, kama alikuwa akifikiria kufa. Wambui alishtuka. Wengi wetu tulishtuka, tulidhani kulitaja jambo hilo ni kuliita. Lakini niliona mabega ya Muriithi yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Akasema ndiyo. Akasema hata asubuhi ile.

Mzee alisema kliniki yake ilikuwa Jumatatu na alikusudia kumwambia waende pamoja, lakini sasa hawangoji Jumatatu, maana hospitali haifungwi kama duka. Akasimama, akavaa kofia. Mume wa yule mama wa gesi alikuwa na pikapu. Muriithi hakuulizwa maswali mengine. Aliulizwa tu kama anataka kuoga kwanza, akasema anataka, na mama mmoja akamchemshia maji kwa ile gesi. Waliondoka kwenda Nyeri alasiri hiyo, Muriithi amekaa kati ya mama yake na Mzee Kabuga, na Mama Gakii nyuma juu ya magunia, ameshikilia kitambaa chake kisipeperuke. Hakuna aliyemwalika. Alipanda tu.

Sitakudanganya mimi pia. Hakurudi amepona kama mtu aliyeng'olewa jino. Alilazwa kwa muda, akatoka, akaanza dawa, akaanza kuongea na mshauri, binti mdogo tu kuliko yeye, ambaye Muriithi alimsifu sana. Akaanza kulala. Basi alipojiona mzima akaacha dawa bila kumwambia mtu, na kabla ya Krismasi pazia lilikuwa limefungwa tena. Wambui alikuja kwangu amekata tamaa. Lakini safari hii, mwanangu, alikuja siku ileile. Hakusubiri vitunguu. Na Muriithi mwenyewe alikuwa ameshampigia Mzee Kabuga simu, akamwambia, Guka, imerudi. Hapo ndipo nilipojua atapona, kwa sababu alikuwa anaijua ikija. Daktari hakumgombeza, alimbadilishia dawa na kumweleza kwamba haziachwi hivyo, zinapunguzwa kwa mpango.

Jambo moja nimesahau kulisema. Kile kiondo cha Mama Gakii kilibaki kwa Wambui. Kwetu kiondo kilicholeta kitu hakirudishwi kitupu, lazima utie chochote ndani, hata kama ni viazi. Kikakaa huko miezi mingi. Kila Wambui alipotaka kukirudisha na viazi, Mama Gakii alimwambia kiondo kilikuja kwa Muriithi, Muriithi atakileta. Na akija akakuta kimepungua, alikuwa anatia kitu kingine.

Nilikuwa kwa Mama Gakii siku kilipokuja. Tulimwona kijana akipanda ile njia na kiondo begani kama mama anayetoka sokoni, na wale wa bodaboda wakimtania mpaka langoni, naye anawarudishia matani yao moja kwa moja. Akakitua mbele yetu. Ndani kulikuwa na maandazi, ya moto bado, yamefunikwa kwa kitambaa cheupe. Alikuwa ameamka mapema kuyapika, jiko la kwanza kuliwasha tangu atoke Nanyuki. Mama Gakii alichukua moja, akala lote bila kusema neno, akapangusa mikono.

"Sukari ni kidogo," akasema.

Muriithi alicheka kile kicheko, akaniambia baadaye kwamba hakuna mgeni wa hoteli aliyewahi kumsifu hivyo.

Leo ana hoteli yake ndogo pale Chaka, na ukipita alfajiri utamkuta na aproni akikanda unga. Siku ya kliniki anafunga saa nne, anaandika kwenye ubao mlangoni kwamba ameenda Nyeri kwa daktari wake, hafichi, na wateja wanamngoja. Wakati mwingine kuna kijana mwingine anayempeleka huko, kwenye kiti kando yake ndani ya gari, wakati mwingine wawili. Na wale wa bodaboda waliomtania, hao hao, wakisikia kuna mwenzao ambaye haonekani stendi, hawasemi tena amelewa. Wanabeba. Wanaume, mwanangu, na unga na makaa juu ya pikipiki, wanaenda itega! Mwezi uliopita walifika kwa binti mmoja wa Karatina aliyekuwa ameacha chuo na kujifungia, na kwa sababu wao hawawezi kupiga vigelegele, sauti zao ni za ng'ombe, walipita kunichukua mimi. Nikapiga vitatu. Mama Gakii naye alikuja, masikio yake siku hizi hayasikii vizuri, lakini alisema vigelegele vile alivisikia.

Ninawatazama vijana hawa na moyo wangu unajaa. Sisi tulibeba kuni, lakini wao ndio waliosema mbele za watu kile ambacho wazee wao walikificha chini ya koti. Sijui kama mimi ningeweza.

Basi haya ndiyo nataka uende nayo. Ukiona usingizi umekuacha, chakula hakina ladha, na dunia imekuwa nzito wiki baada ya wiki, usijiite mvivu wala usikubali kuitwa hivyo. Umeugua. Mwambie mtu mmoja, na huyo akikucheka, mwambie mwingine. Uende kliniki, na ukiweza uende na mtu wa kukaa kando yako. Omba Mungu na umeze dawa, hayo mawili hayagombani, na usiache dawa kwa sababu umeamka vizuri siku moja. Ukifikiria kufa, usingoje kesho, sema leo, hospitali iko wazi. Na akiwa ni mwenzako, muulize waziwazi, usiogope, halafu ukae. Ukikosa la kusema, sema umekuja, unywe chai. Ikirudi usione umeshindwa. Unaijua sasa, ipeleke mahali pake.

Mungu akupe usingizi mtamu, mwanangu, akupe njaa ya chakula na kicheko cha kusikika mpaka kwa jirani. Akuzungushie watu wasioondoka mapema. Mikono yako ipate kazi ya kuipenda, na kiondo chako kisikae kitupu. Na siku utakapojifungia, maana inaweza kuja, halafu usikie vigelegele langoni na unajua vizuri hakuna aliyezaa, usijiulize kama wamekosea nyumba. Fungua, ni sisi.